Ndege ya usiku na magurudumu ya Ezekieli

Mwanga usiojulikana ukipita usiku juu ya Beni kuelekea Ruwenzori, atakayeuona hatausimulia kwa picha aliyoibuni mwenyewe. Tangu Desemba 2013, MONUSCO, kikosi cha Umoja wa Mataifa nchini Kongo, ilipoanza kurusha droni kutoka Goma, wapo watakaosema ni droni. Aliyezoea shuhuda za vyumba vya maombi atataja ndege ya wachawi, na mpenzi wa filamu za Marekani atataja chombo cha viumbe wa sayari nyingine. Je, ushahidi ulioazima sura yake ungali ushahidi? Nasema ndiyo, ila sura hiyo ya kuazima, peke yake, haithibitishi lolote.

Historia iko wazi. Mwaka 1896 na 1897, kabla ya eropleni, Wamarekani wengi walidai kuona meli za angani zenye panga zinazozunguka, kama zile zilizochorwa na magazeti yao. Tarehe 24 Juni 1947 rubani Kenneth Arnold aliona vitu tisa karibu na mlima Rainier, akasema vilikwenda kama kisahani kinachodundadunda juu ya maji. Alikuwa akieleza mwendo. Magazeti yakaugeuza kuwa umbo, na wiki chache baadaye visahani vilikuwa vikionekana Marekani kote. Baada ya miaka mitano tu, vikafika kwetu Kongo: hati ya CIA ya 1952, ikitegemea gazeti la Vienna, inasimulia sahani mbili za moto juu ya migodi ya urani upande wa Elisabethville, Lubumbashi ya leo, na kamanda wa uwanja wa ndege akizifukuza kwa ndege ya kivita. Urani ya Katanga ilikuwa imetumika katika bomu la Hiroshima. Habari hiyo ilibeba hofu zote mbili za wakati wake, atomu na visahani.

Mwenye shaka atasema basi yote ni sinema. Anakwenda mbali mno. Saa, upande wa mbingu, sauti, muda: hayo shahidi hayatoi kwenye filamu. Huko Ruwa, Zimbabwe, tarehe 16 Septemba 1994, wanafunzi zaidi ya 60 wa shule ya Ariel walisema wameona kitu karibu na uwanja wao. Wengine walichora kisahani, wengine wakaogopa kuwa ni tokoloshe, zimwi la ngano za kusini mwa Afrika. Picha zilitofautiana, lakini mahali na saa vilikuwa vilevile. Anayewaita waongo ana deni la kueleza hilo. Naye anayesema wageni walitua aeleze kwa nini chombo chao kilifanana na vile vya televisheni.

Muumini ana pingamizi zito zaidi: tukisema hivyo, manabii watabaki na nini? Ezekieli, uhamishoni kando ya mto Kebari, aliona magurudumu na viumbe wenye mabawa, katika eneo ambalo wafalme walichonga mafahali wenye mabawa malangoni mwao. Mwaka 1968 Erich von Däniken alisoma maono hayohayo akaona chombo cha anga. Baadaye Josef Blumrich, mhandisi wa NASA, akakichorea ramani. Kwangu ufunuo haupungui, kwa kuwa Mungu akisema na mtu husema kupitia macho ya mtu huyo. Kinachoanguka ni desturi ya kuipokea picha kama taarifa ya tukio. Na desturi hiyo inaumiza watu. Mwanaantropolojia Filip De Boeck aliwasikiliza watoto wa Kinshasa walioshutumiwa uchawi wakisimulia safari za usiku kwa ndege. Mtoto akikiri hivyo, Kinshasa au Butembo, anatueleza alichosikia kwa wakubwa na kina cha hofu yake. Anayemshutumu kwa maneno hayo ndiye mwenye hatia mbele ya sheria ya Kongo ya ulinzi wa mtoto ya 10 Januari 2009.