Mganga, Tabibu na Insafu Baina Yao

Katika mji wa Kisangani, ambao mpaka mwaka 1966 uliitwa Stanleyville, mtu aliyepotewa na usingizi, au asikiaye sauti ambazo jirani zake hawazisikii, au aliyenyamaza tangu siku alipomzika mwanawe, hana mlango mmoja tu wa kubisha ili apate afua. Jamaa zake humpeleka hospitali, kisha humvusha mto kwa mganga, na baina ya safari hizo mbili hupita naye kanisani kwa maombi au kwa sheikh asomewe, wala aghalabu hawaoni ikhtilafu yoyote katika hayo, kwa kuwa haja yao ni mgonjwa wao apone. Mwenye kuiona ikhtilafu ni yule aliyesomea tiba ya nafsi, ambaye hujiuliza, mgonjwa anapoketi mbele yake na hirizi mkononi, kama wajibu wake ni kuipuuza, au kuikataza, au kuuliza habari zake.

Swali hili laifaa Kisangani kuliko miji mingi. Vyuo vikuu vya nchi vilipounganishwa mwaka 1971 kuwa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zaire, kitivo cha saikolojia na elimu ya ualimu kiliwekwa hapa, ikawa kwa muda wa miaka kumi mtu aliyetaka kuisoma elimu ya nafsi katika chuo hicho alikuja kuisoma kando ya maporomoko ya Wagenia. Na mji huohuo uliofundisha tiba ya nafsi haukukosa wahitaji wake. Mwezi wa Juni mwaka 2000 majeshi ya Rwanda na Uganda yalipigana humu kwa siku sita, mizinga ikaangukia nyumba za watu wasiokuwa na ugomvi na yeyote, wakafa raia kwa mamia. Na tangu Februari 2023 mzozo wa ardhi baina ya Wambole na Walengola umewamwaga wakimbizi kutoka Lubunga, ng'ambo ya mto, wenye kukumbuka moto na mapanga ya watu waliokuwa jirani zao. Mbele ya majeraha ya namna hii, swali la tiba gani iingie na kwa adabu gani si mchezo wa wanazuoni.

Wako wasemao kwamba jambo hili lilikwisha kuamuliwa zamani, nao huleta ushahidi wa hapa hapa. Katika kituo cha Wabaptisti cha Yakusu, chini kidogo ya mji kwa kufuata mto, wamisionari walipambana mwaka 1910 na libeli, jando la vijana wa Kilokele, wakiliona kuwa ni giza tupu. Na tabibu Clement Chesterman, aliyefika huko mwaka 1920, akajenga hospitali na kuwachoma wagonjwa wa malale sindano za tryparsamide, nao waliokuwa wakisinzia kuelekea kaburini wakainuka. Ushindi huo ulikuwa wa haki na hakuna mwenye akili atakayeukana. Lakini kutoka katika ushindi huo ilizaliwa hukumu isiyokuwa na msingi, ya kwamba sindano iliyomuua mdudu wa malale imeyabatilisha pia yote ayajuayo mganga. Mdudu wa malale haulizi ukoo wa mtu, wala hajali kama mtu huyo alipatana na baba yake kabla baba hajafa. Hofu, majuto na huzuni huishi kwa mambo hayo hayo. Tabibu wa damu aweza kufaulu asijue mgonjwa wake anamwogopa nani. Tabibu wa nafsi asiyejua hilo hajaanza kazi.

Na katika kujua mgonjwa anamwogopa nani, mganga alitangulia. Tazama zebola, tiba ya wanawake iliyotoka kwa Wamongo wa jimbo la Ekweta ikashuka na wahamaji hadi Kinshasa, ambako mtaalamu Ellen Corin aliichunguza katika miaka ya 1970. Mwanamke aliyedhoofika pasipo sababu ya wazi huambiwa kwamba roho fulani imemshika. Hutawishwa katika nyumba ya mganga pamoja na wanawake wengine waliopatwa kama yeye, hushika miiko, hujifunza ngoma, na siku ya kutolewa nje hucheza mbele ya jamaa zake, ambao tangu mwanzo walitakiwa kuyatamka waziwazi yaliyokuwa yakifichwa baina yao. Hutoka si mgonjwa aliyeachwa peke yake na maumivu yake, bali mwana wa chama chenye heshima na wajibu. Awe msomaji anaziamini roho au haziamini, hawezi kukana kwamba pana hekima katika utaratibu unaomtibu mtu pamoja na watu wake, hali tiba ya chumbani humwita peke yake, kwa saa moja, na mlango umefungwa.

Baadhi ya matabibu waliosomea tiba hiyo ya chumbani waliutambua upungufu huu mapema. Mwaka 1954 Thomas Adeoye Lambo, tabibu wa Nigeria, alianzisha huko Aro karibu na Abeokuta mpango wa kuwapangisha wagonjwa wa akili vijijini, kila mmoja na ndugu yake, wakienda hospitali mchana na kurudi katika maisha ya watu jioni. Na waganga wa jadi aliwashirikisha katika kazi hiyo. Huko Fann, mjini Dakar, Henri Collomb, tabibu wa jeshi la Ufaransa, alifuata njia iliyofanana na hiyo, akamkaribisha jamaa wa mgonjwa wodini na kufanya baraza ambamo mgonjwa, muuguzi na tabibu walisema kwa zamu. Mambo haya hayakuivunja elimu yao, yaliipa masikio.

Hata hivyo, kukaribisha kuna adabu zake, na hapa ndipo wengi wenye nia njema huteleza. Padri Placide Tempels, aliyeishi Katanga na kuandika mwaka 1945 kitabu chake juu ya falsafa ya Wabantu, aliwastaajabisha wazungu wenzake kwa kuwaambia kwamba Waafrika wanayo hikima kamili. Naye Paulin Hountondji wa Benin alikuja kuikosoa taadhima ya namna hiyo, kwa kuwa iliwaonyesha Waafrika kama watu wote wanaowaza jambo moja, bila ya mmoja kumpinga mwenziwe. Hoja hiyo yatufaa sana. Anayesema kwamba kila kitokacho kwa mganga ni hekima ya mababu na hakiulizwi, amemtoa mganga katika safu ya watu wenye akili, kwa maana asiyeweza kukosea hawezi kupatia. Waganga wenyewe hawatendeani hivyo: hushindana, hukosoana, na mgonjwa asiyepona huhamishiwa kwa mwingine.

Nasi tuna sababu ya kuuliza. Mwaka 1964 waasi walioitwa Simba, walioutwaa mji huu, walinyunyiziwa na waganga wao maji ya dawa, wakaaminishwa kwamba risasi zitageuka maji, na vijana wengi walikwenda mbele ya bunduki na imani hiyo. Na katika miji ya Kongo leo wako watoto waliofukuzwa majumbani kwa kuitwa ndoki, yaani wachawi, wakalaumiwa kwa kifo cha mama au kwa kazi aliyoipoteza baba, na mara nyingi mtamkaji wa hukumu hiyo ni mchungaji wa kanisa la maombi ajidaiye adui wa mganga. Sheria ya kumlinda mtoto ya Januari 2009 inaiadhibu tuhuma hiyo katika kifungu chake cha 160. Basi mizani yatupasa iwe moja kwa kilinge, kanisa na hospitali: tiba inayompa nafuu mmoja kwa kumbebesha mnyonge mwingine mzigo wa lawama haikuponya, imeuhamisha uele tu.

Limebaki suala la imani, ambalo kwangu ndilo zito zaidi. Je, tabibu asiyeamini mizimu hatendi unafiki anapomwachia mgonjwa aende kwenye tambiko? Naona hatendi, maadamu hashuhudii asilolijua. Aweza kusema kwa ukweli, «Mimi sina ilimu ya mizimu, lakini naona kwamba hujalala tangu ulipokosa kumzika baba yako kwa desturi zenu, na desturi hizo si zangu kuzikataza». Wala hana ruhusa ya kumsukuma huko asiyetaka. Kisangani ina Waislamu tangu zama za Tippu Tip, aliyefanywa wali wa maporomoko mwaka 1887, na Mwislamu achaye shirki, au Mkristo aliyeapa kuacha matambiko, akipelekwa kilingeni kwa jina la mila atakuwa ameongezewa jeraha juu ya jeraha. Utamaduni wa mtu haujulikani kwa kabila lake. Huulizwa yeye mwenyewe.

Kutokana na haya nahitimisha kwamba heshima iwapasayo waganga ni ile wapeanayo wanavyuoni. Tabibu amwulize mgonjwa, siku ya kwanza na bila ya dhihaka, ni wapi kwingine alikopita na aliambiwa nini. Amjue mganga kwa jina na kwa sifa aliyonayo mtaani. Ampelekee wagonjwa na apokee wake, akimwonya waziwazi kwamba mwenye kifafa asikatizwe vidonge vyake, na akikubali kuonywa naye kwamba mgonjwa hatapona nyumba ikiwa imenyamaziana. Asichukue ngoma za zebola akazifanya mazoezi ya viungo huku waliozihifadhi wakibaki bila ya kutajwa wala kulipwa. Na pale mganga anapomwonyesha mtoto kidole, ampinge mbele ya baraza, kwa hoja, kama ambavyo angempinga tabibu mwenziwe, na awe tayari kupingwa vivyo hivyo.