Pole kwa Lugha Tatu



Vijana wenzangu, mimi napenda sana lugha. Kwenye simu yangu kuna Kikorea, kuna Kiitaliano, na hata Kiesperanto, ile lugha aliyoibuni Zamenhof na kuitoa mwaka 1887 ili watu wa mataifa yote waelewane. Kabla yake, mwaka 1879, padre Mkatoliki wa Ujerumani, Johann Martin Schleyer, alibuni Volapük kwa nia hiyohiyo. Nia njema kabisa.

Sasa sikieni. Nimetoka bara, nipo Mtambile, Pemba, kikazi. Msimu wa karafuu, jioni majirani hukaa pamoja wakichambua karafuu na kupiga soga. Mimi ndani, vifaa masikioni, narudia maneno ya Kikorea. Jioni moja nikasikia watu wengi nje. Nikadhani wana shughuli yao tu, nikaongeza sauti.

Siku ya tatu mama jirani akaniuliza kwa upole, "Mwanangu, hukutusikia? Tulikuwa na msiba."

Jamani! Nilijua kusema pole kwa lugha tatu za kigeni, nikashindwa kuvuka uwanja kuisema kwa Kiswahili.

Mtakatifu Paulo ametuonya (1 Kor 13): ujue lugha zote, hata za malaika, bila upendo wewe ni kelele tu. Na siku ya Pentekoste (Mdo 2) Roho Mtakatifu hakuwapa watu lugha moja mpya ya kujifunza. Kila mmoja alisikia kwa lugha ya kwao. Mungu ndiye aliyemfuata msikilizaji.

Padre Charles Sacleux wa Shirika la Roho Mtakatifu aliishi Zanzibar na Bagamoyo, na kamusi yake ya Kiswahili na Kifaransa ikatoka mwaka 1939. Kazi kama ile haifanyiki bila kukaa na watu na kuwasikiliza.

Kwa hiyo usifute programu zako! Jifunze. Ila jiulize: nataka kuongea na nani, na aliye karibu nimeshamsikiliza?

Jioni ile nilivuka uwanja. Pole yangu ilichelewa, lakini walinisogezea jamvi nikakaa.

Zoezi la wiki: mtembelee jirani mmoja, dini yoyote. Toa vifaa masikioni. Sikiliza kwanza.

Tusali: Ee Roho Mtakatifu, fungua masikio yetu kabla ya midomo yetu. Amina.