Muzee anapokataa kwenda kutunzwa inje

Kati ya desturi zenye wazee walituachia, iko moja yenye tunasahau kuandika: mugonjwa halali peke yake. Nenda asubuhi kwenye hospitali Sendwe, hapa Lubumbashi, utaona wamama na masahani ya bukari, na mutu mwenye alilala kwenye mukeka kando ya kitanda. Munganga anatoa dawa, lakini chakula, maji ya kunawa na feza ni kazi ya jamaa.

Ninaanzia hapo juu ya ulizo moja la vijana: mbona muzee mwenye watoto wa kazi, munganga amemuambia aende India, naye anakataa? Wamoja wanasema ni ujinga. Wengine wanasema anataka kwanza kujua nani alimutumia ugonjwa. Wako wa vile, sibishi. Lakini si wote.

Angalieni: watu wetu wanavuka Kasumbalesa, wanaenda kutunzwa Kitwe na Ndola bila kusitasita sana. Zambia si inje? Ni inje. Ila kule Kibemba kinasikilizana, na mambo yakiharibika, gari inarudisha mutu nyumbani siku ileile. Basi si mupaka wenye unaogopesha.

India ni mambo ingine. Viza ya matunzo inaruhusu mugonjwa kufuatana na watu wa damu wawili tu. Kwetu wawili ni wa kuosha nguo! Tena mwenye kujua Kiingereza ni nani? Mara mingi ni mutoto wake mwenyewe. Muzee aseme mambo ya mwili wake mbele ya binti yake, kusudi binti amutafsirie munganga? Wenye kujua heshima yetu wananielewa.

Na kifo je? Mwaka 2018, munganga alituambia kama vali ya moyo ya yama wangu, ndugu ya mama, inapashwa kubadilishwa inje ya inchi. Wakati ule maiti ya muzee Étienne Tshisekedi, mwenye alikufa Brussels tarehe 1 Februari 2017, ilikuwa ingali kule. Ilirudi Kinshasa tarehe 30 Mei 2019. Ilikuwa mambo ya siasa, ndiyo, lakini yama alihesabu kwa namna yake: «Mukubwa vile anangojea, miye nitangojea miaka ngapi? Ndege siogope. Naogopa kubakia kule.»

Tulichanga feza, haikutosha. Ilibaki kuuzisha lupango lake. Nilimusukuma sana, mimi mwenye kufundisha wengine kufikiri. Nilisema: «Yama, uhai unapita lupango.» Akaniuliza: «Uhai wa nani? Wa miye, ao wa batoto benye banalala humu?»

Nilikosa jibu. Nyuma nilijiuliza kama tulimusukuma juu yake ao juu yetu, kusudi siku ya kilio tuweze kusema tulijaribu yote. Hata hivyo sikubali wale wenye wanasema muzee akisha kukataa, tunyamaze, ni haki yake. Ni haki yake, lakini mutu anaweza kukataa juu anasikia haya ya kuwa muzigo, na ile hataisema kwa kinywa. Yama alikuwa anatuuliza: watoto wangu watalala wapi? Ilifaa tukae chini, wajomba na wapwa, tumuambie mbele ya watu: watoto watalala kwetu, na ukifia kule tutakurudisha, feza ya kazi hiyo ni hii. Siye tulimujibu paka kama India iko na wanganga wazuri. Ile alikuwa anaijua tangu zamani.

Alikufa mwaka 2019, kwa kitanda chake, wajukuu wakiwa pembeni. Desturi yote ilifuatwa. Jirani wetu mwenye alikuwa na ugonjwa kama ule alienda Chennai, akarudi, na hata leo anauzisha mikate kwenye barabara yetu. Kila mara nikipita ananiuliza kwa sauti: «Mwalimu, kwa nini yama alikataa?»

Muke wa yama angali mu ile lupango pamoja na watoto. Mwaka jana nilimuuliza kama tulifanya vizuri. Akanizidishia chai, akaanza kuniambia habari ya masomo ya mutoto wa mwisho.