Seli Zilizoitwa Gundi

Somo: 1 Wakorintho 12:21–26

Jumapili iliyopita niliomba mnivumilie nikiongea habari za ubongo, na wengine wenu mkaniangalia kama mtu aliyekosea ibada. Mimi si daktari. Nilisomea biashara, na hiyo biashara ndiyo iliyonikosesha, kama nitakavyowaeleza.

Hebu tuanze na kichwa chako mwenyewe. Ndani yake kuna seli za neva, hizo zinazokufanya ufikiri, ukumbuke, uinue mkono useme haleluya. Zimekadiriwa kuwa kama bilioni 86. Hizo tulifundishwa shuleni. Lakini kando yake kuna seli nyingine zinazoitwa glia, na idadi yake si mbali na hiyo. Mwaka wa 1856 daktari Mjerumani, Rudolf Virchow, alizipa jina linalotokana na neno la Kigiriki la gundi. Aliona kazi yake ni kushikilia tu. Kwa zaidi ya miaka mia moja wataalamu wengi wakabaki papo hapo: neva zinaongea, gundi inashika.

Walikosea wapi? Neva huongea kwa umeme, basi wakaweka vifaa vya kusikiliza umeme. Glia hazikuongea kwa njia hiyo, wakaona ni bubu. Kumbe walikuwa wanasikiliza lugha isiyo yake. Mwaka wa 1990 watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, walichukua glia za panya, za aina inayoitwa astrosaiti, wakazitia rangi inayong'aa kalsiamu ikipanda ndani ya seli. Halafu wakaziwekea glutamati, kemikali ambayo neva hutumia kupeana ujumbe. Seli zikawaka! Wimbi la kalsiamu likatoka seli moja hadi nyingine, polepole, kwa sekunde nzima nzima, wakati neva humaliza mambo yake kwa elfu ya sekunde. Gundi ilikuwa inasikia. Baadaye ikaonekana kwamba hujibu pia, ikitoa kemikali zake zinazoweza kupandisha au kushusha mazungumzo ya neva, ingawa wataalamu bado wanabishana ni kwa njia gani hasa.

Sasa nisikilize hapa vizuri. Neva mbili zinapoongea, kati yao huwa kuna mwanya mdogo sana, sinapsi. Neva ya kwanza humwaga glutamati pale, ya pili hupokea ujumbe. Ile iliyobaki lazima iondolewe upesi. Ikikaa, neva huchochewa kupita kiasi mpaka inaweza kufa. Ni mojawapo ya mambo yanayoua seli mtu akipatwa na kiharusi. Anayeondoa ni nani? Astrosaiti. Imekaa pale kando ya mwanya, inakusanya mabaki, inayageuza kuwa glutamini ambayo haina madhara hayo, kisha inairudishia neva itengeneze glutamati nyingine. Neva ingeuawa na maneno yake yenyewe kama si huyu jirani asiyeonekana.

Na kuna jaribio lililonikamata zaidi. Mwaka wa 1997, kule Stanford, Frank Pfrieger na Ben Barres walikuza neva za jicho la panya bila glia, wakizipa kila kitu cha kuzifanya ziishi. Ziliishi. Zikatoa hata matawi. Lakini mazungumzo kati yao yalikuwa hafifu mno. Zilipokuzwa pamoja na glia, mazungumzo yakaongezeka mara nyingi. Wapendwa, niliposoma hapo niliweka simu chini.

Kwa sababu mwaka jana nilipewa bajeti ya kanisa niipitie. Mnawajua akina mama wanaofagia, wanaoosha vikombe vya Meza ya Bwana, na baada ya ibada wanawapikia chai kikundi cha sifa. Walikuwa na pesa kidogo ya chai na nauli ya kutembelea wasiofika. Mimi na digrii yangu nikauliza, hii inazalisha nini? Nikaikata, nikaihamishia kwa vipaza sauti. Hakuna aliyelalamika. Nikajipongeza.

Miezi michache baadaye ndugu yetu wa kinanda akaacha kuja. (Amenipa ruhusa niseme haya.) Nilimtumia ujumbe mara mbili. Tukasema amerudi nyuma, tukatafuta mwingine. Siku moja nikamkuta mama mmoja anaanika vitambaa vya madhabahu, nikamwuliza tu kwa mazoea kama amemwona.

"Pasta, yule kijana alipoteza kazi kitambo. Alikuwa akiniambia hapa jikoni akinywa chai. Chai ilipoisha akawa hana pahali pa kuketi."

"Sasa mama, mbona hukuniambia?"

"Hukuniuliza, Pasta. Na nauli ya kwenda kwake mliikata."

Nilisimama hapo sina la kusema. Paulo anatuambia kwamba kiungo tunachokiona kinyonge ndicho mwili hauwezi kukaa bila. Nimelihubiri somo hilo mara ngapi! Na bado nilikuwa nimetengeneza lile jaribio la Stanford hapa kwetu: watu wa jukwaani wana vyombo, wana taa, wanaishi, na hawawezi kuambiana neno.

Wewe unayeshika kipaza sauti, nani anajua umelala vipi? Na wewe mama wa jikoni, nakuomba kwa heshima: usingoje mimi nikuulize. Astrosaiti ikisikia, haisubiri kikao cha wazee. Nipigie hata usiku. Nikikujibu vibaya, mwendee Askofu.

Pesa ya chai na nauli imerudishwa tangu mwezi uliopita. Ndugu yetu amerudi pia, ingawa kinanda bado hajakigusa. Anakaa jikoni, anasaidia kubeba maji. Kazi hajapata. Ana cheti cha ufundi wa umeme, na mwenye kujua pahali, tafadhali amwone mama yule, si mimi. Jumapili ijayo baada ya ibada ya pili nitakuwa huko jikoni naosha vikombe. Sitahubiri. Njooni mniambie.