Kiti cha Nyuma

 

Ni likizo kubwa hapa Kisangani. Huko Mangobo mabati mapya yanapandishwa. Shangazi amevuka mto kwa mtumbwi kutoka Lubunga. Watoto wamelala sebuleni, kichwa kwa miguu. Kazi nyingi. Wageni wengi. Na baiskeli ni moja.

Itazame hiyo baiskeli. Sisi tuliiita toleka, yaani tupite. Miaka ya vita, barabara zilipokufa, ilibeba jiji hili: ilibeba mihogo, ilibeba wagonjwa, ilibeba habari. Leo pikipiki zimeinyang'anya abiria, lakini asubuhi hii imebeba mfuko wa simenti. Jioni itambeba shangazi. Nani mzito zaidi, mimi sisemi.

Muulize mwendesha toleka yeyote. Anayekanyaga ni yeye, ndiyo. Lakini abiria akiyumba, wanaanguka wote wawili. Abiria akitulia, safari inakuwa fupi.

Leo kuna mtu atakubeba. Fundi juu ya paa. Dada jikoni. Mwenzako kazini. Nawe uko pale nyuma, juu ya kiti. Je, umekaaje?