Talanta Iliyozikwa na Mkono wa Mwingine

Somo: Mathayo 25, 14–30



Mfano wa talanta twaujua sote. Mtumwa yule aliyepewa moja aliogopa, akachimba shimo, akaificha fedha ya bwana wake. Twamhukumu upesi, maana aliizika kwa mikono yake mwenyewe. Lakini, je! ikiwa mtumwa ataka kufanya biashara, na watu wa nyumba yake wamshika mkono na kuizika talanta yake mbele ya macho yake, hesabu itadaiwa kwa nani? Neno hili na tulifikiri kwa habari ya mwanamke mmoja.

Mwaka 1750, katika mji wa Hanover, nchi ya Ujerumani, alizaliwa mtoto wa kike, jina lake Caroline Herschel. Baba yake, Isaac, alikuwa mpiga zumari katika jeshi. Usiku mmoja wa baridi alimtoa nje njiani, akamwonyesha nyota. Baba alitaka binti afundishwe, mama hakutaka. Wala mama hakuwa mtu mwovu. Watoto wake walikuwa wengi na kazi nyingi, tena aliamini kwamba elimu ndiyo iliyompeleka mwanawe William mbali naye, hata Uingereza. Kwa hiyo Caroline akafundishwa kushona na kufuma soksi, akawatumikia ndugu zake. Alipokuwa na umri wa miaka 10 alishikwa na homa kali iliyomzuia kukua. Watu wa nyumbani wakadhani hataposwa kamwe. Basi, atakuwa mtumishi wao siku zote.

Hata mwaka 1772 William akaja kumchukua. Angalieni jinsi alivyofanya. Hakumgombeza mama, wala hakumtorosha dada yake. Alimwekea mama fedha za kila mwaka, apate kuajiri mtumishi mahali pa Caroline. Naye Caroline alikuwa amekwisha kufuma soksi za kuwatosha jamaa zake miaka 2. Hivyo ndivyo talanta ile ilivyofukuliwa: mtu aliuhesabu mzigo, akaulipia.

Huko Uingereza William alimfundisha kuimba, na hesabu, na baadaye elimu ya nyota. William aliposugua vioo vya darubini, asiweze kuinua mikono yake katika kazi, Caroline alimlisha tonge kwa tonge. Hesabu za kuzidisha hazikukaa moyoni mwake. Alizichukua zimeandikwa katika karatasi, akaendelea na kazi. Tarehe 1 Agosti 1786 akaona nyota yenye mkia ambayo hapakuwa na mtu aliyeiona kabla yake. Hata kufika mwaka 1797 alikuwa amezivumbua 8. Tangu mwaka 1787 mfalme alimpa mshahara wa pauni 50 kwa mwaka. Mwaka 1798 ikapigwa chapa kazi yake ya kusahihisha orodha ya nyota ya zamani, pamoja na nyota zaidi ya 500 zilizosahauliwa humo. Mwaka 1828 Chama cha Kifalme cha Elimu ya Nyota kikampa nishani ya dhahabu. Akafariki mwaka 1848, katika mji ule ule wa Hanover, mwenye umri wa miaka 97.

Lakini sikilizeni na neno hili. Chama kile hakikuwapokea wanawake kuwa wenzi kamili mpaka mwaka 1916; na mwanamke wa pili kupewa nishani ile alikuwa Vera Rubin wa Marekani, mwaka 1996. Miaka 168! Je! Mungu aliacha kugawa karama kwa muda huo wote? Hasha! Karama zilikuwapo, na mikono ya kuzika ilikuwapo pia.

Basi, enyi wazazi, nanyi walimu, na tujipime. Si kila binti atakayekuwa mtazamaji wa nyota, wala si kila mwana. Tena si aibu kuteka maji wala kufagia nyumba; Bwana wetu mwenyewe alijifunga kitambaa, akawaosha wanafunzi wake miguu. Aibu ni kuuweka mzigo wote juu ya kichwa kimoja, ili vichwa vingine vipate kusoma. Jioni ikifika, ni nani aketiye karibu na taa na kitabu chake, na ni nani aoshaye vyungu? Binti akiuliza kwa nini mwezi hupungua, aambiwa nini? Mzee wa usharika akimwona binti mwenye akili ya hesabu, asimpe baraka ya mdomo tu, akaenda zake. Aulize: Ni kazi gani imzuiayo, na ni nani kati yetu atakayeichukua? Kaka na aishike ndoo. Hiyo nayo ni ibada.

Siku Bwana atakaporudi kufanya hesabu na watumwa wake, asitukute tumeshika jembe mkononi, lingali na udongo wa shimo tulilozikia talanta ya mwingine. Amin.