Apewe Chakula



Katika Injili ya Marko, mlango wa 5, Bwana wetu alimfufua binti Yairo, mtoto wa miaka 12. Watu waliokuwapo walishangaa mno. Yeye akaagiza mtoto apewe chakula. Aliyeyashinda mauti hakuona haya kushughulika na habari za jikoni. Tena agizo hilo lilitolewa baba na mama wote wawili wakiwapo chumbani. Yairo alikuwa mkuu wa sinagogi, mtu wa heshima zake, wala hakuambiwa kwamba chakula ni shauri la wanawake.

Hapa Mafia hatuwezi kusema Mungu ametunyima. Kina mama hufuata pweza miambani wakati wa bamvua, na wavuvi hurudi na samaki. Lakini mara nyingi kilicho kizuri hupakiwa chomboni kwenda Dar es Salaam, na mtoto hubaki na uji mweupe wa muhogo. Uji huo hujaza tumbo, haujengi mwili. Kwa miezi 6 ya kwanza maziwa ya mama yanamtosha mtoto. Baada ya hapo, pamoja na kunyonya, anahitaji dagaa waliosagwa, kunde, yai, kisamvu, papai. Uchunguzi wa taifa wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba watoto 30 katika kila 100 walio chini ya miaka 5 wamedumaa. Kudumaa huanza tumboni mwa mama, na mtoto akishapita miaka 2 ni vigumu kulirudisha lililopotea. Sisi tuliofundisha tumewaona watoto wenye njaa wakisinzia darasani, wakaitwa wavivu.

Na mama mwenyewe je? Huwapakulia wote, kisha hula ukoko. Wazee wengine humkataza mja mzito mayai. Kwa hekima gani, hatujaelezwa bado.

Basi, baba, kabla hujampa mchuuzi bei, tenga kitoweo cha nyumbani. Siku ya kliniki fuatana na mkeo, uone mwenyewe mizani inasemaje. Mama wa Chole, Juani au Jibondo hana budi kuvuka maji ili afike hospitali ya Kilindoni, na uchungu haungoji maji kujaa. Nauli yake iwekwe mapema. Nasi tulio na nyumba Kilindoni tumpokee anayesubiri siku zake, awe Mkristo au Mwislamu, tumpe kitanda, naye apewe chakula.